Kutembea baada ya kiharusi: mguu una nguvu, mbona unaburuzwa?

Nyumba ikipata mgonjwa wa kiharusi, haipiti wiki kabla maneno hayajaanza kuingia mlangoni. La kwanza: "Mguu umekufa." La pili: "Mwacheni apumzike, msimchoshe." La tatu ni la jirani mwenye namba ya mkandaji hodari wa mafuta ya nyonyo, eti alishamsimamisha mtu aliyelala mwaka mzima. La nne huja baadaye, tena kwa sauti ya chini: miezi sita imepita, basi alipofika ndipo hapo. Yote manne yanazungumzia mguu, na yote yanapishana na jambo lenyewe. Katikati yake yuko mtu anayetaka tu kwenda msalani bila kushikwa.

Tuanze na maana. Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa wa damu umezibwa na donge, ama kwa sababu umepasuka na damu ikavuja. Chembe za ubongo hazivumilii njaa. Ndani ya dakika chache zinaanza kufa. Nyuzi nyingi zinazobeba amri za kujongea huvuka upande wa pili chini kabisa ya ubongo, kabla ya kuteremka kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana madhara yakitokea kushoto, unaolegea ni mkono na mguu wa kulia. Yuko anayebaki hawezi kutikisa hata kidole, na yuko anayebaki na udhaifu mdogo unaoonekana tu akichoka. Wote wawili mtaani huitwa "aliyepooza", lakini safari zao hazifanani.

Wala si ugonjwa wa nyumba chache. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, uliolinganisha wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam, ulikuta kwamba ukiweka sawa tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 316. Hicho cha Dar kilikuwa juu kuliko viwango vilivyoonekana katika tafiti nyingi za nchi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo linaloongoza orodha ya visababishi.

Sasa, huo mguu "uliokufa". Mvua za masika zikiujaza Mto Msimbazi, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hufungwa pale Jangwani. Magomeni ni nzima, Kariakoo ni nzima, maduka yako wazi, ila mzigo haufiki kwa sababu kipande cha katikati kimezama. Mguu wa mgonjwa wa kiharusi ni Kariakoo ya siku hiyo. Misuli ipo, mifupa ipo, neva zake zipo. Amri ndizo hazifiki. Na madereva wanafanya nini? Wanapita daraja la Selander, wanapita Kigogo, wanachomoza vichochoroni. Njia ni nyembamba, foleni ni ndefu, lakini mzigo unaanza kufika kidogokidogo. Ubongo nao hufanya hivyo: sehemu zilizosalimika hujifunza kupeleka amri kwa njia nyingine, na njia inayopitwa kila siku ndiyo inayopanuka. Isiyopitwa huota majani. Madaktari wanauita huu uwezo wa ubongo kujipanga upya, na mazoezi yote ya kurudisha mwendo yamejengwa juu yake.

Hatua moja ina mambo mengi

Ili kuelewa kilichoharibika, inabidi kwanza kumtazama mzima anavyotembea, kitu ambacho hatukitazami kwa sababu tunakifanya tangu hatujajua kusema.

Chukua mguu mmoja. Kisigino kinagusa ardhi, mwili unapita juu ya mguu, vidole vinaisukuma ardhi, mguu unaruka, kisigino kinagusa tena. Mzunguko huo mzima huchukua kama sekunde moja. Katika hiyo sekunde, mguu huwa ardhini kwa takriban asilimia 60 na hewani asilimia 40. Kuna nyakati mbili fupi, kila moja kama sehemu ya kumi ya mzunguko, ambapo miguu yote miwili iko chini. Muda uliobaki wote umesimama kwa mguu mmoja. Kutembea, kwa maneno mengine, ni kusimama kwa mguu mmoja mara elfu kadhaa kwa siku.

Hili wengi hawalioni. Tunadhani kazi kubwa ni kunyanyua mguu, kumbe kazi nzito anaifanya yule aliyebaki chini. Goti lazima likunje kidogo kupokea uzito bila kuporomoka. Misuli ya ubavuni mwa nyonga lazima ikishike kiuno kisidondokee upande wa mguu ulio hewani. Halafu mwishoni, misuli ya nyuma ya mguu, ile ya kwenye tafu, inapiga teke ardhini. Teke hilo ndilo injini kuu ya mwendo: linasukuma mwili mbele na papo hapo linaurusha mguu hewani. Goti linapokunja hadi karibu nyuzi 60 ili mguu upite, sehemu kubwa ya kukunja huko haitokani na mtu kulivuta, inatokana na kurushwa.

Mguu ukiwa hewani, kifundo kinainua vidole, na vidole vinapita juu ya ardhi kwa nafasi ndogo mno, kama sentimita moja hadi mbili. Ndiyo maana hata mzima hujikwaa kwenye pindo la mkeka.

Na haya yote hatuyafikirii. Mpangilio wa mdundo wenyewe unashughulikiwa sana na sehemu za chini za ubongo pamoja na uti wa mgongo, ubongo wa juu ukiingilia pale penye dimbwi, ngazi au bodaboda inayokuja. Mtu anaweza kutembea huku anatafuna mahindi ya kuchoma na kubishana kuhusu Simba na Yanga. Baada ya kiharusi, anayetembea mara nyingi hawezi hata kujibu salamu bila kusimama kwanza. Si kiburi. Kila hatua imerudi kuwa kazi ya kufikiria.

Kuburuza ni dawa, si ugonjwa

Mtazame mzee anayetoka kwenye korido ya hospitali akielekea mazoezini. Mkono umekunjwa kifuani. Mguu wa kulia umenyooka kama mti, hauendi mbele bali unachora nusu duara kwa nje kisha unatua kwa ubavu wa unyayo, vidole kwanza. Ukipata nafasi, geuza kiatu chake: soli imelika mbele, upande wa nje, wakati cha kushoto kimelika kisigino kama cha kila mtu. Soli hiyo inaeleza karibu kila kitu.

Kifundo chake hakiinui vidole. Pengine misuli ya mbele ya muundi ni dhaifu, pengine ile ya nyuma imekakamaa na kuuvuta unyayo chini na kuugeuza ndani, mara nyingi ni yote mawili. Teke la kusukuma limepotea, kwa hiyo goti halirushwi na halikunji. Matokeo yake ni mguu ambao kwa vitendo umekuwa mrefu kuliko mwenzake, na mguu mrefu haupiti chini ya mwili. Mwili ukatafuta ufumbuzi: ukauzungusha kwa nje. Wengine huinua nyonga upande huo, wengine hupanda kwenye vidole vya mguu mzima ili kupata nafasi, wengine huinamisha mwili upande wa pili.

Basi binti yake anatembea nyuma akimwambia, "Baba, usizungushe mguu! Unyooshe mbele!" Anamwambia kwa mapenzi, lakini anachokemea ni ufumbuzi. Baba akitii, vidole vitapiga sakafu na ataanguka. Kinachotakiwa ni kushughulikia kilichoufanya mguu uwe mrefu: kuimarisha kinachoinua vidole, kulegeza kilichokakamaa, kurudisha teke la nyuma, au kukishika kifundo kwa kifaa. Mwendo wa kuzungusha ukikosa sababu, hupungua.

Hapa pia ndipo pana jibu la lalamiko ninalolisikia sana, kwamba wagonjwa wawili wanaburuza mguu kwa namna ileile lakini kila mmoja amepewa mazoezi tofauti, "kwa hiyo hawa watu wa mazoezi wanabahatisha." Hawabahatishi. Kuburuza kunafanana, sababu hazifanani.

Kosa jingine hutokea mguu ukiwa ardhini. Goti la mtu aliyelegea hutaka kuporomoka, naye hujilinda kwa kulirudisha nyuma mpaka lifunge, likipinda kinyume. Familia hushangilia kwamba goti limekaza, sasa anasimama. Kwa wiki za mwanzo huenda ni afadhali, lakini goti linalogonga nyuma katika kila hatua kwa miaka hunyoosha kano zake na kuanza kuuma. Linafaa kurekebishwa mapema.

Tena sikiliza. Hatua za mwenye miguu mizima hulia kwa mdundo sawa. Aliyepata kiharusi hukaa kifupi juu ya mguu dhaifu kwa sababu hauamini, mguu mzima unatua kwa haraka, kisha anakaa juu yake muda mrefu huku akiutafuta ule mwingine. Mdundo unakuwa mrefu-mfupi, mrefu-mfupi. Mtaalamu mzoefu anaweza kujua maendeleo ya mgonjwa kabla hajainua kichwa kwenye faili.

Sasa lile swali la kichwa cha habari. Mtu amelala kitandani, anaambiwa asukume mkono wa mtaalamu kwa mguu, anausukuma kweli kweli. Akisimamishwa, mguu unaburuzwa. Ndugu wanaona anadeka. Lakini kulala na kusukuma ni amri moja kwa kundi moja la misuli. Kutembea ni amri nyingi kwa mpangilio wa sehemu ndogo za sekunde: nyonga ikunje wakati goti linalegea wakati vidole vinainuka. Baada ya kiharusi misuli huwa inaamka kwa mkupuo. Akitaka kunyoosha goti asimame, kifundo nacho kinajinyoosha na kujigeuza ndani bila kuombwa. Juu ya hapo huenda hisia imepotea. Mguu upo, lakini akifumba macho hajui umewekwa wapi. Wengine ubongo wao unausahau kabisa upande mmoja wa dunia, wanagonga miimo ya milango upande huohuo kila siku, wanaacha wali nusu ya sahani. Wengine wamepoteza nusu ya uwanja wa kuona. Na karibu wote wana woga, hasa walioanguka mara moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwenye picha ya mguu.

Apumzike au asipumzike?

Ushauri wa kupumzika una chembe ya ukweli, na chembe hiyo inapaswa kuwekwa mahali pake. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliofanyika Australia, New Zealand, Uingereza, Malaysia na Singapore kwa wagonjwa zaidi ya 2,000. Waliosimamishwa mapema mno, ndani ya saa 24 za mwanzo, tena kwa wingi, walifanya vibaya kidogo kuliko waliopewa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo siku ya kwanza si ya kumkimbiza mtu.

Lakini kutoka hapo mpaka wiki tatu za kulala chali ni mbali sana. Kitanda kina gharama zake: nimonia, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, vidonda vya mgongoni, kifundo kinachokauka kikiwa kimeelekea chini mpaka siku ya kusimama kisigino hakifiki sakafuni. Hali ikitulia, na daktari akiruhusu, kuketi, kusimama na kupiga hatua ni sehemu ya matibabu.

Na miezi sita? Chanzo cha imani hii kinaeleweka. Wagonjwa 804 walifuatiliwa Copenhagen na matokeo kuchapishwa 1995. Mwanzoni nusu yao, asilimia 51, hawakuweza kutembea kabisa. Mwisho wa ukarabati, karibu thuluthi mbili ya walionusurika walikuwa wanatembea wenyewe, na asilimia 95 walikuwa wameshafika kilele chao ndani ya wiki 11. Ni habari njema kuliko tunavyodhani, na ni kweli pia kwamba miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye neema kubwa. Kuipoteza kwa kuzunguka kwa wakandaji ni hasara.

Ila kasi kupungua si sawa na mlango kufungwa. Utafiti mwingine wa Marekani, LEAPS, uliochapishwa 2011, uligawa wagonjwa 408 katika makundi matatu. Moja lilitembezwa juu ya mashine ya mkanda huku mwili umening'inizwa kwa mikanda ya kupunguza uzito, kuanzia miezi miwili baada ya kiharusi. La pili lilipata mashine hiyohiyo lakini kuanzia miezi sita. La tatu halikupata mashine; lilifuatwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia na kupewa mazoezi ya nguvu na mizani. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya washiriki walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakutofautiana. Waliosubiri miezi sita nao walisonga.

Huo utafiti ningependa kila familia inayofikiria kuuza kiwanja ili mgonjwa apelekwe kwenye "mashine" nje ya nchi iusikie kwanza. Mazoezi ya nyumbani yenye mpango na mtu anayeyasimamia yalifikia mashine ya gharama kubwa.

Mguu ukisogezwa na mtu mwingine, anayefanya mazoezi ni huyo mtu

Kukandwa ni kutamu. Kunatuliza maumivu, kunampa mgonjwa saa moja ya kuguswa kwa upole, na kunyooshwa polepole kunasaidia viungo visikauke. Sina ugomvi na mafuta ya nyonyo, ya nazi wala ya mbuni. Ugomvi ni kwenye kudhani kwamba kukanda kunafundisha kutembea. Ubongo hujifunza kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Mgonjwa aliyelala akitazama dari hajaribu kitu. Hivyohivyo kwa mashine za kutetemesha zinazouzwa mitandaoni. Viko pia vya kuogopa: maji ya moto juu ya ngozi isiyo na hisia huunguza bila mtu kushtuka, na bega la upande uliolegea, likivutwa kwa nguvu, hutoka kidogo mahali pake na kuleta maumivu ya miezi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote halina jina kubwa: kuinuka kwenye kiti na kuketi tena. Kiti kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Miguu yote sakafuni, lakini mguu mzima unawekwa mbele kidogo na ule dhaifu nyuma kidogo, chini ya goti. Kwa mpangilio huo mguu dhaifu hauna pa kukwepea, lazima ubebe uzito. Mgonjwa anainama mbele mpaka pua ipite vidole, anainuka, anatulia, anashuka taratibu bila kujidondosha. Mara kumi, anapumzika, mara kumi tena. Likizoeleka, kiti kinashushwa. Baadaye anasimama kando ya nondo za dirisha au meza ya jikoni na kuhamishia uzito upande dhaifu, kisha anapandisha mguu mzima juu ya kipandio kimoja na kuushusha, ili ule dhaifu ujifunze kusimama peke yake. Na anatembea. Hakuna kinachochukua nafasi ya kutembea.

Wingi ndio unaotusumbua. Watafiti waliohesabu hatua kwenye vipindi vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi Marekani na Kanada, wakachapisha 2009, walikuta wastani wa hatua 357 kwa kipindi. Mtu mzima huzimaliza kabla ya kufika kituo cha daladala. Ikiwa huko ni hivyo, mgonjwa wa hapa anayefika mazoezini mara mbili kwa wiki, nusu ya muda akisubiri foleni, hawezi kutegemea hospitali pekee. Kipindi ni cha kurekebishwa na kupewa kazi ya nyumbani. Lakini nyumbani ndiko maji ya kunywa yanapoletwa mpaka mdomoni, "asihangaike, mzee wa watu." Afadhali jagi liwekwe mezani hatua sita kutoka kitini, na mtu awe karibu.

Karibu wapi? Upande dhaifu, nyuma kidogo. Usimvute mkono. Mfunge kanga kiunoni, ikaze, ushike fundo kwa nyuma. Akiyumba, unamrudisha kutoka kiunoni, ambako ndiko uzito uliko.

Kuhusu fimbo pana mabishano yasiyoisha. Inashikwa mkono mzima, upande wa pili wa mguu dhaifu, nayo husogea mbele pamoja na mguu huo dhaifu. Haimfanyi mtu mvivu. Inampa msingi mpana wa kusimamia, na asiyeogopa kuanguka hutembea zaidi. Kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo na kupita nyuma ya tafu nacho kinasingiziwa kwamba kinaua misuli. Kwa mwenye unyayo unaoning'inia kinafanya kazi ya sentimita ile moja iliyopotea: vidole vinapita, goti linatulia, kasi inaongezeka siku hiyohiyo. Kinapaswa kutengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mhusika. Mafundi wake wanafundishwa hapa hapa nyumbani, katika chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi, kilichoanzishwa 1981 na ambacho kimesomesha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kivaliwe na soksi na kiatu cha kufunga, na ngozi ikaguliwe kila jioni, maana mguu usiohisi haulalamiki ukichubuka. Ndala ziwekwe kando kwa muda. Ndala hushikwa kwa vidole, na vidole ndivyo vilivyokosa amri.

Misuli iliyokakamaa sana ina dawa zake, za kumeza na za sindano, ambazo daktari ataamua. Sindano hulegeza kwa miezi michache. Faida yake hubaki kwa anayeutumia muda huo kufanya mazoezi.

Jipime kwa saa ya simu

Maendeleo ya kiharusi ni madogo na ya polepole kiasi kwamba wa nyumbani hawayaoni, na mgonjwa hukata tamaa akiwa anapona. Njia rahisi ya kuyaona ni kupima mita kumi uani au kwenye kibaraza, kuweka alama mbili, na mgonjwa aanze kutembea hatua mbili kabla ya alama ya kwanza na kupitiliza ya pili, kwa mwendo wake wa kawaida, na fimbo yake kama anayo. Mtu mwenye afya hutumia kama sekunde saba au nane. Wataalamu huchukulia kwamba anayetumia zaidi ya sekunde 25, yaani chini ya mita 0.4 kwa sekunde, kwa kawaida mwendo wake unatosha ndani ya nyumba tu. Akishuka chini ya sekunde 12 na nusu, mita 0.8 kwa sekunde, anaweza kujitegemea mtaani. Katikati ya hapo anatoka, lakini kwa mipaka. Si hesabu za kubandika ukutani tu: barabara ya upana wa mita saba kwa mwendo wa mita 0.4 ni sekunde 17 na nusu katikati ya magari. Andika namba kwenye daftari mara moja kwa wiki mbili. Kutoka sekunde 40 hadi 31 hakuonekani kwa macho, kwenye daftari kunaonekana.

Yapo ya kuangalia wakati huohuo. Anayevunjika nyonga baada ya kiharusi mara nyingi huvunjika upande uleule dhaifu, kwa kuwa ndiko anakoangukia na ndiko mfupa ulikopungua nguvu kwa kutobeba uzito. Mikeka na mazulia madogo yatolewe njiani, sakafu ya bafu isiachwe na maji, taa ya usiku iwepo kati ya kitanda na choo. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kuliko ngazi. Kiti kilichotobolewa katikati kinaweza kumpa mtu heshima yake tena. Mazoezi yasifanywe bila kujali shinikizo la damu: lipimwe, na dawa zisiachwe kwa sababu "sasa najisikia vizuri." Kiharusi cha pili hufuta kazi yote. Udhaifu mpya wa ghafla, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, huo si uchovu wa mazoezi. Ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Na mgonjwa aliyekuwa akijitahidi, halafu ghafla hataki kuamka, hali, hasemi, apelekwe kwa daktari pia. Sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida sana, ina tiba, na haitibiki kwa kugombezwa.

Baadaye zaidi huja mambo ambayo hakuna aliyeyapanga hospitalini. Ngazi: kupanda, unatangulia mguu mzima, kushuka, unatangulia ule dhaifu. Daladala ni ngazi hiyohiyo, ila ya juu zaidi na yenye kondakta anayepiga bodi kwa haraka. Mtu akitaka kurudi kanisani, msikitini au dukani kwake, hilo ni zoezi la kupewa mapema: kipandio cha kimo kilekile nyumbani, mkono mzima ukishika nondo, mguu mzima juu kwanza, dhaifu ufuate. Siku ya kwanza iwe saa nne asubuhi, gari tupu, na mtu wa kumwambia konda asubiri.